Kopo la Maziwa Lililonitoa Shilingi 8,250

Ilikuwa Jumamosi ya kumi la mwisho la Ramadhani. Nina oda tatu za biriani, kiu imenikausha koo, na mjini Mombasa jua halina huruma na aliyefunga. Wanaonijua kule Kisauni wanajua kazi yangu ni hiyo: napikia watu majumbani, hitima, harusi ndogo ndogo na futari za maofisi. Wateja hutanguliza nusu ya pesa, na siku hiyo nilishika shilingi 12,000 ambazo kwa kweli hazikuwa zangu.

Nikashuka Marikiti kwanza. Iliki, bizari, zafarani kidogo, vitunguu vya kukaanga, jumla 1,400. Wifi yangu akanipigia kuwa maziwa ya kopo ya mtoto yamekwisha, nimpitie duka la dawa. Nikapita, nikalipa 1,650 kwa M-Pesa, kijana wa dukani akaniuliza, "Mama, nikuandikie risiti?" Nikamwambia, "Risiti ya nini, mwanangu, nina haraka." Kopo likaingia kikapuni, juu ya vitunguu.

Neno hilo, "risiti ya nini", nimelikumbuka sana tangu siku ile.

Kisha nikaingia supamaketi moja ya mjini kutafuta mchele, mafuta na nyanya za kopo. Mlangoni soja akanipitishia kile kidude chao cha kukagulia chuma, akafunua kikapu, akatazama ndani, akasema "pita, mama". Kopo alikuwa analiona. Hatua mbili mbele kuna kaunta ya mizigo, kijana ananyoosha mkono nimpe kikapu anipe kibao cha nambari. Nikakataa. Pesa za watu zimo humo, na pale kaunta nimeshaona mikoba ikipangwa kama viazi. Ningeweza kutoa pochi nikaacha kikapu. Sikufikiria.

Zamani haya mambo ya vikapu hayakuwapo. Tulikuwa tunaingia mikono mitupu, tunatoka na mifuko ya plastiki ya dukani. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kila mtu anakwenda na kikapu chake au mfuko wake wa kitambaa, na ndani yake mna vitu vya maduka matatu manne. Soja wa mlangoni ndiye anayeachiwa kazi ya kujua kipi cha wapi.

Nikalipa 2,150, taslimu. Vitu saba. Keshia akanipangia kila kitu ndani ya kikapu kilekile, juu ya kopo na vitunguu vyangu. Simu nayo ilikuwa imebaki asilimia nne, nikaitazama, ikazima hapohapo mkononi.

Soja wa kutokea alikuwa na kalamu nyekundu. Akaichukua risiti, akaanza kupiga alama: mchele, mafuta, nyanya, nyanya, sabuni. Kidole chake kinashuka kwenye karatasi, jicho linashuka kikapuni. Ya saba akaitia alama, kidole kikakosa pa kwenda, na mle kikapuni bado kuna kitu. Akalitoa kopo, akaligeuza kitako juu, akatafuta kibandiko cha bei. Hakuna.

"Mama, hili halimo."

"Hilo nimekuja nalo."

"Kutoka wapi?"

"Duka la dawa."

"Risiti yake?"

Nikanyamaza. Nyuma yake, si mbali, naiona rafu yenye makopo yaleyale, rangi ileile, yamefungiwa kile kidude cha plastiki kinacholia mlangoni. Langu halikuwa nacho, na mlango haukulia. Hoja hiyo ilinijia usiku, kitandani.

Watu wakaanza kugeuka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto kwenye toroli alisogea pembeni kama aliyepisha maji machafu. Hapo ndipo yule soja akaniambia, kwa sauti ya chini, na naamini hakuwa na ubaya: "Mama, hebu twende huku nyuma tuongee, watu wasione."

Watu wasione. Nikamfuata kama kondoo.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya stoo ya unga. Meza, viti viwili, feni isiyozunguka. Ukutani picha za watu, kila mmoja ameshika kitu kifuani: kijana na dawa ya kwapa, mzee wa makamo na paketi ya wembe, msichana wa sare ya shule na chokoleti. Nikajua nami natafutiwa nafasi pale.

Walikuwa wanaume watatu, masoja wawili na supavaiza. Mmoja akataka nivue buibui aone kama kuna kingine. Nikakataa katakata. Nikasema mwanamke mwenzangu aje, la sivyo nitapiga kelele hadi Posta wasikie. Wakamwita dada mmoja wa kwenye rafu, akanipapasa juu juu huku ananiomba radhi kwa macho. Wakati ule ni haya tu iliyonisemesha. Baadaye ndipo nilipojua kuwa Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai yenyewe inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke, na kwa kumchungia staha. Katika dakika arubaini nilizokaa mle, hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa.

Niliomba chaja. Nikawaambia ujumbe wa malipo umo kwenye simu, dakika tano tu. Supavaiza akacheka, akasema kila mtu hapa simu yake huwa imezima. Kisha akaniwekea mambo mezani: nilipe mara tano ya bei ya kopo, yaishe, au waite polisi na picha yangu ibandikwe mlangoni. Mara tano ni 8,250. Mimi nilikuwa nimebakiwa na 8,450.

Nikalipa. Waliniandikia karatasi, sikuisoma, nikatia sahihi. Soja mmoja akanipa kopo nilishike kifuani, akanipiga picha kwa simu yake mwenyewe, simu ya kawaida tu yenye kioo kilichopasuka. Na kopo wakalibakisha. Hilo huwa linawachekesha watu nikisimulia. Nililipa maziwa yale mara sita na mtoto akalala bila maziwa. Sikupewa risiti ya zile 8,250.

Nyumbani nikachomeka simu. Ujumbe ule pale: shilingi 1,650, jina la duka la dawa, saa nne na dakika 42 asubuhi. Risiti ya supamaketi inaonyesha saa tano na dakika 31. Nikakaa sakafuni jikoni nikalia mpaka adhana ya magharibi.

Mamangu nilipomweleza aliniziba mdomo kwa kiganja, kweli, kama mtoto. "Usilitoe nje. Mtu akisikia umesimamishwa kwa wizi, ataukumbuka wizi, hatakumbuka kama ulikuwa uongo." Simlaumu, anaujua mtaa wetu. Nikakopa 5,000 kwenye chama nikanunua nyama, nikapika oda za watu, nikakaa kimya siku tatu. Usiku wa nne nikaota ule ukuta.

Aliyenifumbua macho ni mjomba wangu. Amelinda milango ya maduka miaka kumi na moja, magoti yamemwisha kwa kusimama. Nilidhani atawatetea wenzake, na kwa kiasi aliwatetea. Aliniambia ile kalamu nyekundu kwanza haikumlenga mteja, ilimlenga keshia. Keshia mwenye rafiki kwenye foleni hupitisha kitu juu ya mashine huku kidole kimefunika ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, mashine isilie, kitu kikaingia mfukoni bure. Soja wa mlangoni ndiye wa kugundua kwamba vitu ni kumi na risiti ina tisa. Na ile alama au muhuri wanaopiga ni kwa sababu ya mchezo mwingine: mtu ananunua, anapeleka vitu kwenye gari, anarudi na risiti ileile, anachota vitu vilevile na kutoka tena. Risiti iliyotiwa alama haipiti mara ya pili.

Akaniambia pia kwa nini wanakuwa wakali kwa makopo ya maziwa, wembe na manukato. Ni vitu vidogo vya bei kubwa, vinauzika upesi mtaani. Na kule alikolinda yeye, kitu kikipotea zamu yako, mwisho wa mwezi unakatwa. "Huyo aliyekukamata aliona mshahara wake ndani ya kikapu chako," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini kukusimamisha ni kazi yake. Kukupeleka chumbani kulipishwa, hiyo si kazi ya mtu."

Nina mpwa wangu Marekani, yeye akanitumia sauti ndefu ya WhatsApp kwamba mlangoni sikulazimika hata kusimama, kwao mtu akishalipa vitu ni vyake, anaweza kumpita soja akaenda zake, isipokuwa maduka ya uanachama kama Costco ambako umekubali kukaguliwa ulipojiunga. Huenda ni hivyo kwao. Msiijaribu hapa. Kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016, na inamruhusu mlinzi anayesimamia mlango kumpekua anayeingia au anayetoka. Mpe risiti, mfungulie kikapu. Ugomvi wa mlangoni huna utakachouvuna.

Mjomba ndiye aliyenisukuma niende kwa watu wa msaada wa sheria. Mombasa hatuna uhaba wa hao: Kituo cha Sheria wana ofisi hapa, FIDA, wanasheria wanawake, wapo kwa ajili ya wanawake, na MUHURI, shirika la haki za binadamu, nao wapo. Sikulipa hata senti, ila nilisubiri benchini asubuhi nzima. Dada aliyenisikiliza alikuwa mpole, ila hakunibembeleza. Swali lake la kwanza: "Kwa nini ulitia sahihi kitu hukukisoma?"

Akanieleza kidogo kidogo, nami nikaandika nyuma ya kalenda. Kwamba wizi kwenye Kanuni ya Adhabu unataka nia ya udanganyifu. Mtu aliyesahau kitu chini ya toroli si mwizi kwa sababu tu amevuka mlango, ingawa kazi ya kujieleza itamwangukia. Kwamba soja ana uwezo wa kumkamata mtu kama raia mwingine yeyote, akimwona anatenda kosa au akiwa na sababu ya maana ya kumshuku kwa kosa kubwa, lakini akishamshika anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Duka halina mamlaka ya mahakama. Hakuna sheria ya "mara tano", hata ikibandikwa ukutani kwa herufi nyekundu. Kutoza faini ni kazi ya hakimu. Tena, akasema, wizi ni kosa kubwa kisheria, adhabu yake inafika miaka mitatu, na kupokea pesa ili ulifiche kosa kubwa ni kosa lenyewe.

Nikamuuliza: kwa hivyo ningesema waite polisi? Akasema ndiyo, kama una uhakika na jambo lako. Polisi wangekuandikisha maelezo, simu ingechajiwa, mambo yangekwisha. Na hata kama wangekuweka ndani, Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zinaishia siku isiyo ya korti. Nikamwambia dada yangu, wewe wasema hivyo umekaa kwenye kiti chako. Mwanamke wa Kisauni, Ramadhani, atolewe supamaketi na polisi mchana kweupe? Akakubali. Akasema ndiyo maana vitisho vyao vinawafanyia kazi.

Tukaandika barua, ukurasa mmoja. Tuliomba vitu vinne: pesa zangu, kopo au thamani yake, karatasi niliyotia sahihi, na picha za kamera za siku ile tangu nilipoingia hadi nilipotoka. Hilo la kamera ndilo nililojifunza kwa mshangao. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sura yako kwenye kamera yao ni taarifa yako, unaweza kuiomba, na kanuni zake zinawapa siku 7 kujibu. Lakini kamera nyingi hujifuta, mpya inaandikwa juu ya ya zamani baada ya siku kadhaa. Mimi nilishapoteza karibu wiki nzima kwa kuona haya. Ukipatwa, omba kesho yake, kwa maandishi, taja saa na mlango ulioingilia, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili tukaongeza mstari kuhusu ile picha: kwamba kumpiga mtu picha na kuisambaza bila ridhaa yake kunaweza kufikishwa kwa Kamishna wa Data, na kwamba Septemba 2023 ofisi hiyo ilimtoza mwenye kilabu kimoja cha starehe shilingi 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na meneja mwenyewe, sauti tamu kama kaimati.

Nilikwenda na mjomba. Tukaketi mbele ya kioo, meneja akarudisha picha nyuma. Nikajiona naingia, nimeinama kidogo upande wa kikapu. Soja wa mlangoni anafunua, na pale, bila utata, kitako cha kopo kinang'aa juu ya mfuko wa vitunguu. Meneja akaisimamisha picha. Hakuna aliyesema kitu. Mjomba akakohoa.

Pesa zilirudi siku ileile kwa M-Pesa, 8,250 na 1,650. Karatasi niliichana mwenyewe. Barua ya kuomba radhi nilidai mara mbili ndipo nikaipata, mistari mitatu, imeandikwa "kutoelewana". Picha waliifuta kwenye ile simu yenye kioo kilichopasuka, mbele yangu. Nikauliza: ilitumwa kwa nani? Soja akamtazama meneja. Ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la masoja wa matawi yote.

Watu huniuliza kwa nini sikushtaki. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na wakili si lazima. Ingenifaa kama wangekataa kurudisha pesa. Lakini madai ya kuharibiwa jina hayaendi huko, hayo ni ya mahakama za kawaida, na huko kuna wakili, kuna tarehe za kuahirishwa. Mimi napika. Nilipima nikaona nimechoka.

Sasa nina mazoea ambayo wifi yangu anayaona kama wazimu. Naomba risiti hata ya pipi, na naisomea palepale kaunta kabla sijasogea, kwa sababu hapo ndipo unapogundua umetozwa mafuta mara mbili au keshia ameruka kitu. Naipiga picha, maana karatasi hizi hufifia, ukiiacha kwenye kioo cha gari kwa joto letu wiki moja inakuwa nyeupe. Simu sitoki nayo chini ya nusu chaji. Nikiwa na vitu vya duka jingine, naacha kikapu kaunta ya mizigo na pochi naibeba mkononi, au namwonyesha soja wa kuingia namwambia tazama vizuri, hiki na hiki nimekuja navyo. Wengine watakufungia mfuko kwa utepe ukiomba. Na nimewafundisha wanangu sentensi moja waikariri: "Tuongee hapahapa." Kama kuna la kukagua, likaguliwe hapo mlangoni watu wakiona. Sasa nataka watu waone.

Wiki iliyopita nilikwenda tawi lao la huko njia ya Mtwapa, lenye mchele niupendao. Soja wa mlangoni, kijana ambaye sijawahi kumwona maishani, akanitazama usoni, akatazama simu yake, akanitazama tena. Nikamwinulia kikapu, nikakifungua kabla hajaniambia.